Kiswidi cha mezani na Kiswidi cha kitabuni

Babu mzaa baba wa watoto wetu alipofariki huko Växjö, kusini mwa Uswidi, binti yetu alikuwa na umri wa miaka 13, na ilikuwa imepita miaka minne tangu turudi Moshi kutoka Uppsala. Alitaka kumwandikia bibi yake barua ya kumfariji, na barua hiyo ilipaswa kuwa ya Kiswidi. Alikaa mezani na karatasi yake saa nzima, kisha akaja jikoni kuniuliza: “Mama, ‘pole’ kwa Kiswidi wanasemaje?” Sikuwa na jibu la neno moja. Katika miaka 11 niliyoishi Uswidi nililikosa neno hilo karibu kila siku. Waswidi wana maneno ya msibani, “beklagar sorgen”, ambayo mfiwa huambiwa, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyejikwaa, aliyetoka safarini au anayeumwa mafua. Binti yangu hakuwahi kuyasikia, kwa sababu tangu azaliwe hatukuwahi kufiwa upande huo wa familia. Mwishowe aliandika sentensi moja tu, “Jag är ledsen för att farfar är död”, yaani nina huzuni kwa kuwa babu amekufa, akachora ua chini yake na kukunja karatasi.

Usiku ule mimi na baba yao tulizungumza kwa muda mrefu. Yeye ni Mswidi, na tangu watoto wazaliwe hajawahi kuzungumza nao lugha nyingine. Tuliamini kwamba jambo hilo lilitosha. Binti alikuwa akiagiza maziwa kwa Kiswidi, akigombana na kaka yake kwa Kiswidi na kumweleza baba yake kwamba jino linauma, na lafudhi yake ilikuwa safi kabisa. Barua ile ilituonyesha kwamba Kiswidi chake kilikuwa kimesimama pale alipokiacha alipomaliza darasa la pili. Yeye alikuwa amekua na kuanza kuwaza mambo ya kifo, haki na upendo, lakini mawazo hayo yote aliyapata kwa Kiingereza cha shuleni au kwa Kiswahili cha nyumbani na mtaani. Kiswidi kilikuwa kimebaki lugha ya mezani, na lugha ya mezani, hata ikisemwa kila siku, ina mambo machache inayoyagusa.

Ndipo tulipoanza kutafuta masomo mtandaoni, kwa kuwa Moshi haina Waswidi wa kutosha kuanzisha darasa la Jumamosi kama wanavyofanya wazazi katika miji mikubwa ya dunia. Serikali ya Uswidi, kupitia mamlaka yake ya elimu iitwayo Skolverket, hutoa ruzuku kwa mafunzo ya ziada ya Kiswidi kwa watoto wa Waswidi walio nje ambao huitumia lugha hiyo nyumbani na mzazi. Sisi hatukulijua hilo mwanzoni, na tulianza vibaya. Tulilipia kozi ya kampuni moja binafsi iliyokuwa na video zilizorekodiwa na maswali ya kuchagua jibu sahihi. Binti alikuwa akimaliza zoezi la wiki kwa dakika kumi, mara nyingi kwa kubahatisha, na programu ilimpongeza kwa nyota. Ilipita miezi minne bila mtu yeyote kusoma hata sentensi moja aliyoiandika yeye mwenyewe. Tuliacha, na ada haikurudi. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba binti alikuwa ameanza kuamini kuwa anajifunza.

Darasa la pili tulilolijaribu lilikuwa tofauti. Liliendeshwa kutoka Stockholm na mwalimu wa sekondari ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwafundisha vijana wa Kiswidi walioko nje, kuanzia darasa la saba hadi la tisa. Kila Alhamisi kulikuwa na kipindi cha moja kwa moja cha dakika 40, na siku nyingine ziliachwa kwa kusoma na kuandika. Wanafunzi walikuwa kumi na wachache, mmoja Singapore, wawili Dubai, wengine Brazil, Marekani na Hispania. Somo lenyewe lilikuwa “svenska”, yaani lile lile wanalosoma wenzao walioko Uswidi ambao Kiswidi ni lugha yao ya kwanza, na hiyo ndiyo tofauti niliyochelewa kuielewa. Hapakuwa na kufundishwa salamu wala majina ya matunda. Wiki ya kwanza walipewa hadithi fupi na kuulizwa kwa nini msimulizi anawaficha wasomaji jambo fulani. Binti alitoka chumbani na kusema kwamba maneno yote aliyaelewa ila swali hakulielewa.

Kuhusu saa, nawaonya wazazi wenzangu. Kipindi kilikuwa “halv fem”, ambayo kwa Waswidi ni nusu saa kabla ya saa kumi na moja jioni, ilhali sikio la Mswahili hukimbilia kusikia tano na nusu. Uswidi iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sisi hatusogezi chochote. Mwezi Machi wa mwaka wa kwanza binti alifungua kompyuta saa kumi na mbili na nusu jioni kama kawaida, akakuta kipindi kimekwisha, na siku hiyo ndiyo aliyokuwa amepangiwa kuwasomea wenzake insha yake. Alilia. Tangu hapo tulibandika mlangoni mwa jokofu karatasi yenye safu tatu: saa ya Stockholm, saa ya kompyuta na saa ya Kiswahili.

Mtu aliyeokoa utaratibu wetu ni baba yangu mzazi, ambaye anaishi nasi. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, na katika miaka ya 1970 alisoma uhasibu kwa njia ya posta, katika mpango ambao nchi yetu iliuanzisha kwa msaada wa Uswidi yenyewe. Waswidi walikuwa na uzoefu mrefu wa jambo hilo, maana huko Malmö shule ya Hermods ilikwishaanza kufundisha watu kwa barua tangu mwaka 1898. Baba alisubiri wiki nyingi kwa kila bahasha iliyorudi na alama nyekundu, na anasema waliofaulu walikuwa wale waliokuwa na kiti kimoja, meza moja na saa moja isiyobadilika. Alipomwona mjukuu wake akihudhuria kipindi akiwa kitandani na kompyuta magotini, hakumgombeza. Alihamisha meza yake ndogo ya kusomea gazeti, akaiweka kwenye kona ya sebule ambako mtandao unashika vizuri na mvua haipigi sana juu ya bati, akamwambia, “Mjukuu wangu, hapa ndipo shuleni.” Kuanzia siku hiyo, ikifika Alhamisi jioni, redio ilizimwa nyumba nzima.

Kona ile ndiyo iliyomfanya Babu asikie jambo lililomshtua. Siku moja binti alimwita mwalimu wake kwa jina lake la kwanza, bila cheo chochote, na mwalimu akaitika kwa furaha. Kipindi kilipokwisha Babu aliuliza kwa upole, “Huyo unayemwita jina tupu ni mwenzako wa shule?” Binti alimweleza kwamba Uswidi kila mtu huitwa “du”, yaani wewe, awe mwalimu, daktari au waziri, na kwamba desturi hiyo ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwani kabla ya hapo watu waliitana kwa vyeo kwa ugumu mkubwa. Babu alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba ikiwa hiyo ndiyo heshima ya kwao, basi mtoto aifuate akiwa kwao, mradi akinyanyuka kwenye kiti kile ajue ameingia kwetu. Nami nilimwona binti akijifunza kuvuka mpaka huo mara moja kila wiki: akiaga kwa jina la kwanza, akifunga kompyuta, akigeuka na kusema, “Shikamoo, Babu,” kama kwamba ndiyo kwanza ameingia ndani.

Sasa niseme juu ya lugha yenyewe, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi. Makosa ya kijana aliyekulia nje hayafanani na makosa yangu mimi niliyejifunza Kiswidi ukubwani. Mimi hadi leo sisikii vizuri tofauti ya “anden” ya kwanza, ambayo ni bata, na “anden” ya pili, ambayo ni roho, kwa sababu zinatofautiana kwa toni peke yake. Binti hajawahi kuzikosea. Lakini kwa kuwa lugha ilimwingia kwa masikio, kila mahali aliandika “dom” kwa maana ya “wao”, kama inavyotamkwa, ilhali katika maandishi rasmi inabidi kuchagua kati ya “de” na “dem” kulingana na kazi ya neno katika sentensi. Sauti moja ya mvumo ambayo Mswahili huikaribia kwa “sh” huandikwa kwa njia nyingi, kama katika “sju” ambayo ni saba, “stjärna” ambayo ni nyota na “skjorta” ambayo ni shati, na kila moja ilimtoa jasho.

Makosa mengine yaliletwa na Kiingereza. Katika Kiswidi, sentensi ikianza na neno la wakati, kitenzi lazima kishike nafasi ya pili na mtenda arudi nyuma yake, kwa hiyo “jana nilikwenda” ni “igår gick jag”. Binti aliandika “igår jag gick”, kwa mpangilio wa Kiingereza, na hakuona kasoro yoyote. Vilevile alikuwa akitenganisha maneno ambatani. Mwalimu alimwonyesha bango la kawaida: “rökfritt” likiandikwa pamoja linasema kuwa hapa hapavutwi sigara, na likitenganishwa kuwa “rök fritt” linamwambia mtu avute apendavyo. Tangu siku ile alianza kuyatazama maneno marefu kwa makini mpya. Hata mambo ya jinsia ya nomino, “en” na “ett”, ambayo huwatesa wageni, yeye aliyaeleza darasani kwa msaada wa Kiswahili: alisema kwamba kwa lugha ya mama yake nomino zina ngeli zaidi ya mbili na vivumishi vyote hufuata, kwa hiyo haoni ajabu kwamba “huset” na “boken”, yaani ile nyumba na kile kitabu, zina miisho isiyofanana. Mwalimu alimwomba aandike aya nzima kuhusu jambo hilo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba Kiswahili chake kinamwongezea kitu katika darasa la Kiswidi.

Kuna kosa ambalo lilikuwa langu na la mume wangu. Katika muhula wa pili alipewa insha ya kurasa mbili kuhusu mahali anapopapenda. Aliandika juu ya mto ulio chini ya shamba la Babu. Mimi nilipanga upya aya zake, mume wangu akasahihisha tahajia na kubadilisha vitenzi vilivyoonekana vya kitoto, na tulipomaliza ilikuwa insha nzuri sana. Mwalimu hakuandika maoni. Alituma ujumbe wa sauti, kama alivyozoea, na binti akausikiliza kupitia spika wakati sisi sote tupo. Alisema kwamba amesoma insha iliyoandikwa na mtu mzima mwenye Kiswidi kizuri, na kwamba angependa sasa kuisoma ile ya mwanafunzi wake. Hakukaripia. Mume wangu aliinuka akatoka barazani. Binti alituma rasimu yake ya kwanza, yenye “dom” zake zote, ikarudi na alama kwenye sentensi kumi na nne na swali moja pembeni: mto huo unanukiaje mvua ikinyesha? Alijibu kwa aya ambayo sisi tusingeweza kumwandikia. Kuanzia hapo tulikubaliana kwamba wazazi wataulizwa maana ya neno, watasikiliza anaposoma kwa sauti, na hawatagusa kalamu.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikozaa matunda kuliko chochote. Katika darasa la nane walisoma sehemu za riwaya ya Vilhelm Moberg iitwayo “Utvandrarna”, ya mwaka 1949, inayosimulia jinsi mkulima Karl Oskar na mkewe Kristina wanavyoondoka mkoa wa Småland na kuhamia Amerika katikati ya karne ya 19, wakati ambapo mashamba ya huko yalikuwa mawe matupu na watu zaidi ya milioni 1 walikuja kuihama Uswidi katika miongo iliyofuata. Kiswidi chake ni kizito, kina maneno ya kale ya Biblia na lahaja ya mkoa ule. Binti alikwama ukurasa wa tatu. Lakini Växjö iko Småland, na bibi yake alizaliwa katika lahaja hiyo hiyo. Tulipanga kwamba kila Jumapili bibi arekodi kurasa chache kwa sauti na kuzituma kwa WhatsApp, na binti afuatilie kwa kidole kitabuni. Mtandao ukiwa hafifu, rekodi ilifika usiku wa manane, lakini ilifika. Bibi alikuwa mjane wa mwaka mmoja, anaishi peke yake, na sasa alikuwa na kazi ya kuisubiri Jumapili.

Walipofika pale mtoto Anna anapokufa, baada ya kula uji wa shayiri kupita kiasi kwa sababu ya njaa ya muda mrefu, bibi alinyamaza katikati ya rekodi. Ukimya huo ulidumu, nadhani, nusu dakika, na hakuufuta. Kisha akaendelea. Binti alisikiliza kipande hicho mara tatu. Alikuja kuniambia kwamba katika kurasa hizo amekuta maneno ya huzuni ambayo hakujua kwamba yapo, na alikuwa ameyaandika katika daftari lake, kila neno na sentensi yake. Ulipofika mwaka wa pili tangu babu yake afariki aliandika barua nyingine. Sikuisoma, kwa kuwa haikuwa yangu, ila najua ilikuwa kurasa mbili, kwa sababu nilinunua bahasha.

Mwalimu aliwaonyesha pia kwamba katika juzuu za baadaye Moberg anakifanya Kiswidi cha wahamiaji kichanganyike na Kiingereza kidogo kidogo, na akawauliza vijana wale, waliotawanyika katika mabara matano, kama wanamtambua mtu yeyote. Naambiwa walizungumza kwa wakati mmoja hadi sauti zikakatika. Mmoja wao alisema kwamba huaibika akienda likizo Uswidi kwa sababu binamu zake humcheka. Mwingine alisema kwamba kaka yake mdogo ameacha kabisa kumjibu mama yao kwa Kiswidi. Nilikuwa nimepita sebuleni na chai, nikasimama. Sijawahi kusikia watoto wa miaka 14 wakizungumza juu ya lugha kwa uzito kama ule, na nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya faida ya darasa lile ni kule kukutana na wenzao wenye shida moja.

Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua riwaya iliyoandikwa na mtu anayetoka sehemu anayoishi yeye, isomwe kwa tafsiri ya Kiswidi. Binti alichagua “Paradiset” ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar ambaye mwaka 2021 Akademia ya Uswidi ilimtunuku Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Bibi alikitafuta kitabu hicho na kukituma. Mimi nilikuwa na “Peponi”, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, na kwa wiki kadhaa tulikaa barazani kila mmoja na chake, tukisimamishana kuuliza, “Kwako hapo pameandikwaje?”

Insha yake aliiandika juu ya Yusuf, kijana anayechukuliwa kutoka kwao kama rehani ya deni la baba yake, na juu ya Khalil wa dukani anayemwambia tena na tena kwamba yule tajiri Aziz si mjomba wake wala nani wake, hivyo asimwite hivyo. Binti aliona kwamba msomaji wa Uswidi huenda asitambue uzito wa jambo hilo, kwa kuwa kwetu mtoto humwita mtu mzima kwa jina la kindugu, kama mjomba, hata kama hawana undugu wa damu, na kumnyang’anya mtoto neno hilo ni kumwambia kwamba hana mtu. Aliandika pia kwamba Kiswidi kina utajiri ambao Kiingereza hakina: “faster” ni shangazi, “moster” ni mama mdogo au mama mkubwa, “morbror” ni mjomba, “farbror” ni baba mdogo au baba mkubwa. Lakini alikuwa na wasiwasi kama Mswidi angekubali kwamba maneno hayo hutumiwa kwa asiye ndugu, kwa hiyo alimpigia bibi yake simu.

Nilikuwa karibu, naye aliweka spika. Bibi alisema kwamba alipokuwa mtoto kijijini, mwenye duka ambaye kwake walinunua sukari na mafuta ya taa walimwita “farbror”, na mzee wa kituo cha reli pia, na hakuna mtoto aliyefikiria kuwaita vingine. “Hatukuwa na undugu nao hata kidogo,” alisema, “lakini ungethubutu kuwaita nini?” Binti aliniangalia, akavuta kompyuta, na akaanza kuandika huku bibi yake angali anazungumza.